Nafuu ya Kodi kwa Anayemwajiri Aliyetoka Gerezani

Hotuba mbele ya mkutano wa wafanyabiashara wadogo na wa kati mjini Mombasa

Bwana Mwenyekiti, waheshimiwa maafisa wa serikali mliofika, wazee wetu, wafanyabiashara wenzangu, mabibi na mabwana, hamjambo.

Nimekuja kutetea jambo moja ambalo bado halimo katika sheria zetu za kodi: kwamba mwajiri anayempa kazi mtu aliyemaliza kifungo chake apunguziwe kodi, na kwamba punguzo hilo liandikwe kwa namna itakayomfikia fundi mwenye wafanyakazi wanne kule Changamwe sawasawa na litakavyomfikia mwenye kiwanda. Sehemu ya kwanza ya hoja hii imetetewa na wengi katika nchi nyingi, na sitaitumia muda mrefu. Ni hiyo ya pili inayonikosesha usingizi, kwa kuwa nimesoma sheria za wenzetu na za kwetu, nikaona jinsi nafuu njema inavyoweza kuandikwa hivi kwamba yule aliyekusudiwa asiweze kuigusa.

Mimi ni seremala. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa mtaani kwetu alikuja karakanani asubuhi na mapema, akaketi juu ya rundo la mbao, akakataa chai, akaniambia: "Baba, mwanangu ametoka gereza la Shimo la Tewa juzi. Huko ndani amefundishwa useremala, ana cheti cha gredi. Sikuombi umpe mshahara mkubwa. Mpe mahali pa kuamkia." Nikamjibu kwamba nitalifikiria. Zikapita wiki tatu bila ya mimi kumpa jibu, na kila nilipomwona njiani nilipinda kona nyingine.

Nilikuwa naogopa, na sababu nilikuwa nayo. Miaka miwili kabla ya hapo wezi walivunja karakana usiku, wakachukua mashine ya kuranda, jenereta, misumeno miwili ya umeme, na mbao za mvule ambazo mteja alikuwa amekwisha kuzilipia. Deni lile lilinikaa shingoni kwa muda mrefu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilikuwa nimeumwa. Naeleza haya ili pasiwe na mtu humu atakayedhani kwamba anayezungumza hajui uchungu wa kuibiwa.

Hatimaye nilimchukua kijana yule. Nilikuta ana mikono mizuri kuliko nilivyotarajia: viungo vyake vilikaa bila ya msumari, na alikuwa na subira ya kupiga msasa ambayo vijana wengi hawana. Wale wanaotembelea Maonyesho ya Kilimo pale Mkomani na kupita kwenye banda la Magereza wanaijua kazi ya namna hiyo, kwa sababu huwa tunasimama pale tukiisifu, tukauliza bei, tukanunua. Kiti tunakipeleka sebuleni, lakini aliyekitengeneza, siku anapotoka, hapati wa kumpokea. Nilijaribu pia kumchukua mtu wa pili mwaka uliofuata, na huyo hakudumu. Baada ya wiki sita aliondoka akiwa na mshahara nilioutanguliza, na sikumwona tena. Kwa hiyo sina hadithi ya ushindi mtupu. Nina wawili, mmoja alisimama na mmoja akaanguka, na hesabu hiyo si tofauti sana na ya mafundi niliowachukua ambao hawajawahi kufungwa.

Katika wiki zile tatu za woga, hata mara moja sikujiuliza mshahara wake ungekuwa kiasi gani. Nilijiuliza: akiiba, nani atanifidia? Wateja wakijua, watarudi? Mafundi wangu watakubali kuacha simu zao mezani akiwapo? Naomba tulishike hilo tutakapofika kwenye hesabu, maana nafuu ya kodi hupunguza gharama ya mshahara, na kilichonizuia mimi hakikuwa mshahara.

Woga huu umepimwa. Mwaka 2003 mwanasosholojia wa Marekani, Devah Pager, alichapisha utafiti alioufanya katika mji wa Milwaukee, ambako aliwatuma vijana wenye sifa zinazolingana kwenda kuomba kazi zile zile, wengine wakijieleza kuwa na rekodi ya jinai na wengine bila. Miongoni mwa vijana Wazungu, asilimia 34 ya wasio na rekodi waliitwa tena na mwajiri, lakini kwa wenye rekodi ikawa asilimia 17. Miongoni mwa vijana Weusi, asilimia 14 ya wasio na rekodi waliitwa, na wenye rekodi asilimia 5 tu. Yaani kijana Mweusi ambaye hajawahi kuvunja sheria aliitwa mara chache kuliko Mzungu aliyetoka jela. Mwajiri anapoogopa humtafuta mtu wa kumshuku hata pasipo na ushahidi, na sisi hapa Pwani tunajua vijana wa mitaa gani hutazamwa hivyo kabla hawajafungua kinywa.

Tuje nyumbani. Magereza yetu ya Kenya yana watu zaidi ya 50,000, wafungwa pamoja na mahabusu, na karibu wote watatoka siku moja. Ukaguzi wa mfumo wa haki ya jinai uliozinduliwa mwaka 2017 ulionyesha jinsi makosa madogo madogo, kama vile kulewa na kuleta fujo au kuchuuza bila leseni, yanavyojaza mahakama na magereza yetu. Anayetoka anatakiwa kuchukua alama za vidole, kulipa shilingi 1,050 kupitia eCitizen, na kusubiri cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, cheti ambacho kitamsomea mwajiri kosa lake kabla yeye mwenyewe hajapata nafasi ya kujieleza. Ni kweli kwamba Bunge lilirekebisha Sheria ya Ajira mwaka 2022, na sasa mwajiri hapaswi kumdai mwombaji kazi vyeti vya namna hiyo mpaka awe amekusudia kumpa mkataba. Marekebisho hayo ni mema, lakini yalichofanya ni kusogeza mlango mbele kidogo. Kifungu cha 5 cha sheria hiyo kinapoorodhesha sababu ambazo mwajiri haruhusiwi kumbagulia mtu, kinataja rangi, jinsia, dini, kabila, ulemavu, ujauzito na hali ya virusi vya UKIMWI. Kuwahi kufungwa hakumo. Yule kijana wangu alikuwa akikaa ndani ya kanta kila tulipopeleka samani kwa mteja mmoja mkubwa, kwa kuwa mteja yule alitaka cheti cha kila anayevuka lango lake.

Sasa kodi. Wako wanaodhani kwamba kumpa mwajiri nafuu kwa sababu ya aina ya mtu aliyemwajiri ni jambo geni kwetu. Si geni. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilimruhusu mwajiri binafsi aombe kupunguziwa mapato yanayotozwa kodi kwa kiasi cha asilimia 25 ya mshahara anaomlipa mfanyakazi mwenye ulemavu. Mwaka 2015 Bunge likaingiza katika Sheria ya Kodi ya Mapato nafuu kwa mwajiri anayewachukua wahitimu wa chuo kikuu kwa mafunzo ya kazi ya miezi 6 hadi 12. Njia basi imekwisha kupasuliwa. Lakini tuziangalie nafuu hizo mbili kwa jicho la mwenye karakana, kwa sababu zina kasoro ambazo hatupaswi kuzinakili.

Chukua fundi anayelipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ambazo ni 240,000 kwa mwaka. Asilimia 25 ya hizo ni 60,000. Ukisikia "punguzo la 60,000" unaweza kudhani ni fedha zinazobaki mfukoni mwako. Sivyo. Kinachopungua ni mapato yanayotozwa kodi, na kampuni hutozwa asilimia 30. Kwa hiyo kinachobaki kwako ni asilimia 30 ya 60,000, yaani shilingi 18,000 kwa mwaka, au 1,500 kwa mwezi. Kwa kiwanda chenye mhasibu wa kudumu, huenda zikatosha kumfanya ajaze fomu. Kwa mtu anayeogopa kupoteza mashine ya shilingi laki mbili, 1,500 kwa mwezi hazimwondolei woga.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Wengi wetu humu hatulipi kodi ya kampuni. Biashara yenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka huweza kulipa kodi ya mauzo ghafi, ambayo Sheria ya Fedha ya 2023 iliipandisha hadi asilimia 3, na kodi hiyo hukatwa kwenye mauzo yote bila ya kuondoa gharama yoyote, uwe umelipa mishahara ya watu watatu au ya kumi. Punguzo lolote linaloandikwa kama gharama ya kuondolewa kwenye mapato halina mahali pa kuingilia katika kodi ya namna hiyo. Na ile nafuu ya wahitimu iliandikwa kwa mwajiri anayechukua wasiopungua 10. Nani kati yetu anaweza kuchukua wanagenzi kumi kwa mkupuo? Hao walioandika hawakuwa na nia mbaya, ila hawakutufikiria.

Nchi ambayo imeitumia njia hii kwa muda mrefu ni Marekani, na inafaa tujifunze kwake yaliyofaa na yaliyokwama. Mwaka 1996 Bunge la nchi hiyo lilianzisha nafuu ijulikanayo kwa herufi WOTC, kwa ajili ya waajiri wanaochukua watu wa makundi yanayokataliwa kazini, mmoja wao akiwa ni mtu aliyehukumiwa kwa kosa kubwa na ambaye ameajiriwa ndani ya mwaka mmoja tangu ahukumiwe au atoke gerezani. Mfanyakazi alipofikisha saa 120, mwajiri alipata asilimia 25 ya mshahara wake. Alipofikisha saa 400, alipata asilimia 40 ya dola 6,000 za kwanza, yaani dola 2,400 kwa wingi wake. Hizo hazikupunguzwa kwenye mapato. Zilipunguzwa kwenye kodi yenyewe, dola kwa dola. Tofauti hiyo ndiyo ninayoitaka kwetu.

Lakini wenzetu walikosea pia. Mwajiri alilazimika kupeleka fomu kwa ofisi ya kazi ya jimbo lake ndani ya siku 28 tangu mtu aanze kazi, na alipochelewa siku moja nafuu ilipotea. Kampuni kubwa ilikuwa na karani wa kazi hiyo peke yake, au ilikodi wakala, na iliweza kuomba nafuu kwa watu ambao ingewaajiri hata kama sheria isingekuwapo, ilhali mwenye mgahawa wa meza tano hakujua hata kwamba fomu ipo. Saa 400 ni wiki 10 za kazi ya saa 40, kwa hiyo ngazi ya juu ya nafuu ilifikiwa mapema sana, na hakukuwa na kilichomsukuma mwajiri ajali kama mtu huyo atakuwapo mwezi wa kumi na mbili. Tena dirisha la mwaka mmoja lilikuwa jembamba, kwa sababu wengi wanaotoka hutangatanga mwaka mzima kabla ya kupata mguu wa kusimamia, na wanapokuwa tayari dirisha limekwisha kufungwa. Na nafuu yenyewe ilikuwa ikiishi kwa kuongezewa muda kila mara, na muda wa mwisho ninaoujua uliishia tarehe 31 Desemba 2025. Sheria inayokufa na kufufuka haiwezi kumfanya mwenye biashara apange mambo yake ya miaka mitatu.

Kuna funzo jingine kutoka Marekani ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Mwaka 1985 mchumi Gary Burtless alichapisha matokeo ya jaribio la mjini Dayton, ambako watafuta kazi maskini walipewa hati za kumwonyesha mwajiri, zikisema kwamba serikali itamlipa sehemu ya mshahara akimchukua mwenye hati. Wenye hati walipata kazi kwa uchache kuliko wasiokuwa nazo. Waajiri waliisoma hati ile kama onyo: huyu lazima ana kasoro, ndiyo maana serikali inalipa ili achukuliwe. Fikirini basi tukimpa mtu aliyetoka gerezani karatasi ya kodi aitembeze mlango kwa mlango kutoka Mikindani hadi Bamburi. Tutakuwa tumempa cheti cha pili cha kutangaza kosa lake.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye woga. Mwaka 2018 taasisi ya RAND iliwauliza waajiri wa Marekani ni nini kingewafanya wamfikirie mtu mwenye rekodi ya jinai. Kuongeza nafuu ya kodi kutoka asilimia 25 ya mshahara hadi 40, na kikomo chake kuwa dola 5,000, kuliongeza uwezekano wa kumfikiria kwa asilimia 30. Lakini cheti kinachothibitisha kwamba amewahi kufanya kazi vizuri mahali pengine kiliuongeza kwa asilimia 53, na ahadi ya wakala kwamba akishindwa ataletwa mwingine badala yake iliuongeza kwa asilimia 69. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2023 na kuhusisha karibu kampuni elfu moja, ulikuta kwamba asilimia 39 ya kampuni zilikuwa tayari kufanya kazi na watu wenye rekodi ya jinai bila ya kupewa chochote, na kiwango hicho kikapanda kupita asilimia 50 kampuni zilipopewa bima ya kufidia hasara, au tathmini moja tu ya utendaji wa mtu huyo. Ruzuku ya mshahara iliweza kuleta ongezeko kama hilo, lakini kwa gharama kubwa zaidi. Nilipoyasoma matokeo hayo nilijiona mimi mwenyewe nikipinda kona nisikutane na yule mama. Kama mtu angeniambia siku ile, "Akiiba mashine, italipwa," ningempa jibu kabla chai haijapoa.

Serikali ya Marekani ililijua hilo tangu mwaka 1966, ilipoanzisha dhamana ya uaminifu ambayo mwajiri huipata bila malipo: dola 5,000 kwa miezi sita ya kwanza, kufidia wizi au udanganyifu wa mfanyakazi wa kundi hili. Ni mpango mdogo, haujulikani kama unavyostahili, na kwa maoni yangu una akili kuliko nafuu yenyewe ya kodi, kwa kuwa unakwenda moja kwa moja kwenye kile kinachomkosesha mwajiri usingizi, na fedha hutoka tu pale hasara inapotokea.

Italia nayo ilichukua njia yake. Sheria namba 193 ya mwaka 2000, inayoitwa kwa jina la seneta Carlo Smuraglia, humpa nafuu ya kodi mwajiri anayewaajiri wafungwa wangali wakitumikia kifungo, euro 520 kwa mwezi kwa kila mfungwa, na humpunguzia michango ya hifadhi ya jamii. Nafuu hiyo haikatiki siku lango linapofunguliwa. Huendelea kwa miezi 18 au 24 baada ya mtu kutoka. Ndiyo maana katika gereza la Due Palazzi mjini Padova wafungwa huoka keki za panettone zinazouzwa nje, kwa mkataba na ushirika wa nje ya gereza. Mwajiri anamjua mtu kabla hajatoka, na daraja la kutokea ndani kwenda nje limekwisha kujengwa siku anapoachiliwa.

Kwa kuyatazama yote hayo, nafuu ninayoipendekeza kwa Kenya iwe kama ifuatavyo.

Iwe punguzo la kodi yenyewe, na ihesabiwe pia kwenye kodi ya mauzo ghafi. Karakana yenye mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka hulipa 150,000. Ukiipunguzia 60,000 kwa kumwajiri na kumdumisha mtu mmoja kwa mwaka, mwenye karakana ataliona jambo hilo bila ya kuelezwa na mhasibu. Kwa watu 1,000 wanaoajiriwa namna hiyo, serikali itakosa shilingi milioni 60. Nafuu ilipwe kwa awamu, sehemu ndogo mtu anapotimiza miezi mitatu na sehemu kubwa anapotimiza kumi na miwili, ili faida ya mwajiri iwe katika kumlea mfanyakazi na si katika kubadilisha watu kila robo ya mwaka. Kusiwe na idadi ya chini. Mtu mmoja atoshe. Dirisha liwe miaka mitatu tangu mtu atoke, na asiyehukumiwa lakini aliyekaa mahabusu mwaka au zaidi kisha akaachiliwa naye ahesabiwe, maana kwa jirani na kwa mwajiri yeye naye "alikuwa ndani", ijapokuwa mahakama haikumkuta na kosa. Na mwajiri asipate nafuu kwa kumfukuza mfanyakazi aliyekuwapo ili apishe mwingine.

Pamoja na nafuu kuwe na dhamana ya kufidia hasara katika miezi sita ya kwanza, kwa kikomo kinacholingana na bei ya mashine moja ya fundi. Bila ya dhamana hiyo, naamini nafuu itawaendea wale ambao wangeajiri hata hivyo.

Mwombaji asibebeshwe karatasi. Maafisa wa Idara ya Urekebishaji na Huduma za Baadaye, ambao tayari ndio wanaowafuatilia waliotoka, ndio wamtafute mwajiri, wamweleze kazi ambayo mtu ameifanya gerezani na jinsi alivyoifanya, na uthibitisho wa nafuu upitie katika mtandao wa KRA, mamlaka yetu ya mapato, kati ya mwajiri na mamlaka hiyo peke yao. Msimamizi wa zamu na mafundi wengine hawana haja ya kuuona. Cheti cha ufundi ambacho mfungwa amekipata kwa mtihani wa serikali kiandikwe kama cha mtahiniwa mwingine yeyote, pasipo jina la gereza. Ningependa pia karakana za magereza zifunguliwe kwa mikataba ya wafanyabiashara kama walivyofanya Waitalia, ila hilo ni jambo pana na linastahili mkutano wake.

Kuna swali ambalo najua liko vinywani mwenu, kwa sababu niliulizwa na mke wangu kabla sijaulizwa na mtu mwingine. Vijana wetu wasio na kosa lolote wamekaa barazani na vyeti vyao. Kwa nini serikali imnunulie kazi aliyeiba kabla ya aliyejizuia? Sitalipuuza. Kijana aliyejizuia anastahili kuona kwamba kujizuia kwake kuna maana. Lakini yeye, akiomba kazi, hupimwa kwa anachokijua. Huyu mwingine hapimwi kabisa, jina lake huondolewa kabla ya kupimwa, na hukumu yake alishaitumikia kwa idadi ya miaka aliyopewa na hakimu. Hakimu hakumhukumu kukosa kazi maisha. Tena gharama tunailipa hata sasa: tunalipa kodi ya kumlisha ndani, tunalipa walinzi na vyuma vya madirisha, na aliyerudi kwenye wizi kwa kukosa kazi huja kuvunja karakana ya mtu kama mimi. Nafuu hii isichukuliwe kutoka kwenye fungu la vijana. Ile ya wanagenzi ibaki, na itanuliwe ili nasi wadogo tuweze kuitumia.

Kuhusu njia ya kulifikia jambo hili, Ibara ya 210 ya Katiba inasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa sheria, na kila msamaha uwekewe kumbukumbu ya wazi pamoja na sababu yake, na taarifa ifike kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Nalipenda sharti hilo, kwa kuwa litazuia nafuu hii isiwe kichaka cha kujificha wasiotaka kulipa kodi. Maana yake ni kwamba lazima tuingie kwenye Mswada wa Fedha, ambao hufika Bungeni kabla ya Mei na ambao wananchi huitwa kuutolea maoni. Baada ya maandamano ya Juni 2024 ya kuupinga mswada wa mwaka huo, hakuna mtu nchini asiyejua kwamba maoni hayo yana uzito. Kaunti nayo inaweza kutangulia: leseni za biashara ziko mikononi mwake, na Bunge la Kaunti ya Mombasa likipitisha sheria ya kupunguza ada ya leseni kwa mwajiri wa namna hii, tutakuwa na mfano wa kuonyesha Nairobi badala ya kwenda na maneno matupu.

Yule kijana alifanya kazi kwangu miaka minne. Leo ana karakana yake ndogo Likoni, na wiki iliyopita alinipigia simu kuniuliza jambo moja: kuna mtu ametoka Shimo la Tewa, anajua kuranda na kupaka vanishi, na yeye anataka kumchukua ila anaogopa. Sikuwa na sheria ya kumwonyesha.

Karatasi za maoni ziko kwenye meza iliyo karibu na mlango. Naomba kila mmoja wetu aandike mambo matatu kabla hajaondoka: ana wafanyakazi wangapi, analipa kodi ya aina gani, na ni hasara ya kiasi gani ambayo angetaka dhamana imfidie ndipo akubali kumchukua mtu aliyetoka gerezani. Msiandike kiasi cha kunifurahisha mimi. Andikeni kile mnachokiogopa kwa kweli, kwa sababu hicho ndicho kitakachoambatishwa na waraka wetu kwa Kamati ya Fedha ya Bunge la Taifa. Ahsanteni kwa kunisikiliza.